Kompyuta ya hospitali ina programu ya nani? Swali linalomhusu kila mgonjwa

Siku hizi ukifika katika hospitali nyingi za mjini, karani haandiki tena jina lako kwenye rejista kubwa peke yake. Anabonyeza kompyuta. Daktari naye, kabla ya kukuuliza unaumwa wapi, hutazama skrini. Humo mna majibu ya vipimo vyako vya damu, dawa ulizopewa mwezi uliopita, na pengine onyo kwamba penisilini hukudhuru.

Wagonjwa wengi huuliza mambo mawili tu kuhusu kompyuta hizo. La kwanza ni kama zinafanya kazi leo. La pili ni kama siri zao ziko salama. Maswali hayo ni ya haki kabisa. Lakini liko la tatu ambalo huulizwa kwa nadra: je, programu inayotunza faili yako ni mali ya nani?

Usidhani hilo ni swali la mafundi wa kompyuta pekee. Jibu lake linaweza kuamua kama rekodi zako za matibabu zitasomeka miaka kumi ijayo. Linaweza pia kuamua kama serikali yako itaweza kuzitunza siku ambayo mwenye programu ataamua kufunga duka.

Wiki hii nitaeleza maana ya programu huria, jinsi serikali yetu na nyingine zilivyozitumia katika huduma za afya, faida zake, udhaifu wake, na mambo ambayo wewe mwenyewe unaweza kufanya.

PROGRAMU HURIA NI NINI?

Kompyuta haijui kitu mpaka ipewe maagizo. Maagizo hayo huandikwa na mafundi, mstari baada ya mstari, na kwa pamoja huitwa msimbo. Msimbo ndio unaoiambia kompyuta ya hospitali kwamba mgonjwa fulani arudi kliniki baada ya wiki nne, au kwamba dawa hizi mbili hazipaswi kutolewa pamoja.

Kuna programu za aina mbili. Aina ya kwanza ni zile ambazo msimbo wake ni siri ya kampuni. Hospitali hununua ruhusa ya kuzitumia tu, yaani leseni. Ikitaka kubadilisha hata neno moja kwenye fomu, sharti iiombe kampuni, ilipe na ingoje.

Aina ya pili ni programu huria. Msimbo wake uko wazi. Leseni yake humruhusu mtu yeyote kuitumia, kuichunguza, kuirekebisha na kumgawia mwenzake. Usishangae nikikuambia kwamba pengine umekuwa ukiitumia bila kujua. Simu ya Android iliyo mfukoni mwako imejengwa juu ya Linux, programu huria iliyoanzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Finland.

Acha nitumie mfano wa dawa, maana ndio ninaoufahamu vizuri zaidi. Jinsi ya kutengeneza paracetamol inajulikana duniani kote. Kiwanda chochote chenye ujuzi na kibali kinaweza kuitengeneza. Kimoja kikifungwa, vingine vipo, na homa ya mtoto wako haitakosa tiba.

Linganisha na dawa ambayo mtu mmoja pekee ndiye mwenye haki ya kuitengeneza. Mwaka wa 2000, dawa za kupunguza makali ya virusi vya HIV kutoka kwa kampuni zilizozivumbua ziliuzwa kwa zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Februari 2001, kampuni ya Cipla ya India ilitangaza kwamba ingeliuzia shirika la Madaktari Wasio na Mipaka mchanganyiko wa dawa hizo kwa dola 350. Mwaka huo huo Bunge letu lilipitisha sheria ya mali ya viwanda iliyofungua njia ya kuingiza dawa za bei nafuu nchini. Wengi wanaoishi leo wangali hai kwa sababu hiyo.

Programu huria hufanana na dawa hizo za bei nafuu. Lakini tahadhari: huria si lazima iwe bure. Paracetamol huhitaji lori la kuisafirisha, ghala la kuihifadhi na mfamasia wa kuitoa. Vivyo hivyo, programu huria huhitaji kompyuta, umeme, mafunzo na mafundi. Kinachoondoka ni ile amri ya mtu mmoja.

MBEGU ILIYOPANDWA MOSORIOT

Si kila kitu cha kompyuta kimetujia kutoka ng'ambo kikiwa kimeshakamilika. Mwaka wa 2001, kituo cha afya cha Mosoriot, Nandi, kilianza kuandikisha ziara za wagonjwa kwenye kompyuta. Kazi hiyo ilifanywa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani. Programu yao ilikuwa ndogo, lakini ilionyesha kwamba jambo hilo liliwezekana kijijini.

Kisha kliniki za HIV zikapanuka upesi katika eneo la Eldoret. Programu ndogo haikuweza tena kuubeba mzigo huo. Mwaka wa 2004, madaktari Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana walianza kubuni mfumo mpya. Waligundua kwamba wenzao waliokuwa wakitibu kifua kikuu na HIV katika nchi nyingine walikuwa wakihangaika na tatizo lile lile. Badala ya kila mmoja kujenga nyumba yake, waliamua kujenga moja kwa pamoja na kuuacha mlango wazi. Mfumo huo ni OpenMRS. Ulianza kutumika Eldoret mwezi wa Februari mwaka wa 2006, na mwaka huo huo ukafika Rwanda.

Kuanzia mwaka wa 2012, Wizara ya Afya pamoja na washirika wake ilieneza mfumo uitwao KenyaEMR katika mamia ya vituo vya umma, hasa kwenye kliniki za HIV. KenyaEMR umejengwa juu ya OpenMRS. Hakuna aliyehitaji kuomba ruhusa wala kununua leseni ya msimbo huo.

KUTOKA FOMU HADI RAMANI

Mfumo wa pili ambao umekugusa bila wewe kujua ni DHIS2. Huu hautunzi faili ya mgonjwa mmoja mmoja tu. Kazi yake kubwa ni kuhesabu.

Kila mwezi, zahanati na hospitali hujumlisha yaliyoandikwa kwenye rejista: watoto wangapi walichanjwa surua, akina mama wangapi walijifungulia kituoni, wagonjwa wangapi walikuwa na malaria. Zamani takwimu hizo zilisafiri kwa karatasi hadi wilayani, zikaingizwa kwenye majedwali ya kompyuta, kisha zikatumwa Nairobi. Nyingine zilipotea njiani. Nyingine zilifika zikiwa zimechakaa kama gazeti la juzi.

Mwaka wa 2011, Kenya iliingiza DHIS2 katika wilaya zote kupitia intaneti. Ilikuwa nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kuwa na mfumo wa kitaifa wa aina hiyo ambao wote uko mtandaoni. Chimbuko la DHIS2 ni Afrika Kusini, ambako mradi wake ulianza mwaka wa 1994, wakati nchi hiyo ilipokuwa ikijaribu kuunganisha huduma za afya zilizogawanywa kwa misingi ya rangi. Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norwe ndicho kinachoongoza utengenezaji wake. Leo hii unatumika katika nchi zaidi ya 70.

Faida kwako ni ipi? Chukua mfano wa kuhara. Mtoto mmoja akiharisha, ni shida ya nyumba moja. Zahanati tatu za mtaa mmoja zikiripoti watoto wengi zaidi kuliko kawaida, hiyo ni dalili kwamba maji yamechafuka. Afisa wa afya anayeona hesabu hizo mapema anaweza kutuma dawa ya kutibu maji na chumvi za kurudisha maji mwilini kabla kipindupindu hakijatapakaa. Akiziona baada ya miezi mitatu, atahesabu makaburi.

USHIRIKIANO USIO NA MIPAKA

Uzuri wa kuuacha msimbo wazi ulionekana wakati wa korona. Mwezi wa Januari mwaka wa 2020, wataalamu wa Sri Lanka walitumia DHIS2 kutengeneza njia ya kuwaandikisha na kuwafuatilia wasafiri walioingia nchini humo. Hawakuificha kazi yao. Waliitoa ili nchi nyingine ziichukue, na nyingi zikafanya hivyo. Hata Norwe, nchi tajiri inayouongoza mfumo wenyewe, ilijifunza kutokana na kazi hiyo ilipounda chombo cha kufuatilia maambukizi katika serikali zake za mitaa. Kwa mara moja, tajiri alisaidiwa na maskini.

Lugha nayo hufaidika. Mwaka wa 2004, mradi mmoja katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa OpenOffice, programu ya kazi za ofisini, ikiwa katika Kiswahili. Haukungoja kampuni yoyote iamue kwamba Waswahili ni soko lenye faida. Msimbo ulikuwa wazi, nao wakaitafsiri.

HATARI YA KUFUNGIWA NJE

Sasa tuutazame upande wa pili. Niliwahi kufanya kazi katika kliniki moja ya kibinafsi ambayo sitaitaja. Rekodi zetu zilikuwa katika programu iliyonunuliwa kutoka kwa kampuni ndogo. Kampuni hiyo ilifunga ofisi, leseni ikaisha, na asubuhi moja skrini zikagoma. Majina ya wagonjwa yalikuwa humo ndani. Vipimo vyao vilikuwa humo. Hapakuwa na mtu wa kutufungulia.

Akina mama wajawazito walirudia vipimo walivyokuwa wamevilipia wiki chache zilizotangulia. Mzee mmoja mwenye shinikizo la damu alikuwa amewahi kuvimba midomo na ulimi kwa sababu ya dawa fulani, lakini hakukumbuka jina lake. Uvimbe wa namna hiyo unaweza kuziba pumzi na kuua. Nasi hatukuwa na pa kutazama. Tuliponea kwa bahati: mwanawe alipata pakiti tupu ya dawa hiyo nyumbani.

Ikiwa kliniki moja inaweza kuhangaika hivyo, fikiria nchi nzima. Ndiyo sababu Wakenya wengi walishtuka Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alipotoa ripoti yake kuhusu mwaka wa fedha uliomalizika Juni 2024. Ripoti hiyo, iliyojulikana mwezi wa Machi mwaka wa 2025, iligusia mfumo wa kompyuta wa bima mpya ya afya, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Mkaguzi alisema kwamba, kwa mujibu wa mkataba, mfumo huo wa Sh104.8 bilioni haukuwa mali ya serikali.

Sisemi kwamba kila programu ya kampuni ni mbaya. Nyingi hufanya kazi nzuri, na kampuni inayolipwa vizuri huja haraka mtambo ukiharibika. Ninachosema ni kwamba mtu hajengi choo cha nyumba yake katika kiwanja cha jirani bila kuandikiana. Serikali inayonunua programu kwa fedha za umma yafaa ijue, kabla ya kutia sahihi, itafanya nini siku ya kuachana.

JE, SIRI ZANGU ZITAANIKWA?

Hofu hii huwasumbua wengi, nayo inatokana na neno lenyewe. Wanasikia "huria" na "wazi", wakadhani faili zao pia zitakuwa wazi. Sivyo.

Kinachokuwa wazi ni maagizo ya programu. Habari za mgonjwa hubaki zimefungwa. Kila fundi anajua jinsi kufuli linavyofanya kazi, lakini haingii nyumbani kwako bila ufunguo wako. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, iwe zimewekwa katika programu huria au ya kampuni. Nayo Sheria ya Afya ya Kidijitali ya mwaka wa 2023 imezitambua data za afya kuwa rasilimali muhimu ya taifa.

Kuna wanaouliza: je, mwizi hatauchunguza msimbo ulio wazi na kupata ufa? Anaweza kujaribu. Lakini hata wataalamu waaminifu wanauchunguza, na ufa ukionekana yeyote anaweza kuuziba. Huo ni kama utaratibu wetu wa kitabibu wa kuomba daktari wa pili atazame mgonjwa.

Hata hivyo, daktari wa pili asipofika, mgonjwa hafaidiki. Mwezi wa Aprili mwaka wa 2014 dunia iligundua kasoro kubwa, iliyopewa jina Heartbleed, katika OpenSSL. Hiyo ni programu huria inayolinda mawasiliano ya tovuti nyingi sana. Kasoro hiyo ilikuwa imekaa humo kwa takriban miaka miwili. Kila mtu aliitegemea programu hiyo, lakini walioitunza walikuwa wachache mno na hawakuwa na fedha za kutosha. Mlango kuwa wazi hakumaanishi kuna anayefagia.

UDHAIFU ULIO KWETU

Hilo latuleta kwenye donda letu wenyewe. Kwa miaka mingi, sehemu kubwa ya kazi ya kuweka na kutunza mifumo hii nchini ililipiwa na wafadhili, hasa Marekani kupitia mpango wake wa kupambana na HIV. Mwezi wa Januari mwaka wa 2025, serikali ya nchi hiyo ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90 ili ichunguzwe. Wafanyakazi wengi waliolipwa kwa fedha hizo, wakiwemo walioshughulikia rekodi na takwimu kliniki, walisimamishwa kazi.

Tazama vizuri kilichotokea. Hakuna aliyeweza kutunyang'anya msimbo. Leseni yake ilikuwa na inabaki yetu kama ilivyo ya kila mtu. Lakini mishahara ya makarani, mafundi na seva ni jambo jingine. Dawa ilikuwepo kabatini, mfamasia ndiye aliyerudishwa nyumbani.

Kwa hivyo serikali inapotangaza kwamba imechukua programu huria, usipige makofi haraka. Uliza kama imewaajiri vijana wetu wa kuitunza. Nchi hii ina vijana wengi waliosomea kompyuta, na msimbo ulio wazi ni shule isiyotoza karo. Fedha ambazo zingelipa leseni kila mwaka zinaweza kulipa mishahara yao. Nchi isiyofanya hivyo itakuwa imebadilisha bwana tu: kutoka kwa muuzaji hadi kwa mfadhili.

WEWE UFANYE NINI?

Huhitaji kujua kuandika msimbo ili ujilinde. Fanya haya:

1. Usitupe karatasi zako. Kadi ya kliniki, kijitabu cha mama na mtoto, na majibu ya maabara viweke mahali pamoja. Kompyuta ikigoma, hivyo ndivyo vitakavyomwongoza daktari.

2. Andika katika kipande cha karatasi majina ya dawa unazotumia, kipimo chake, na dawa zinazokudhuru. Kitie katika pochi. Mgonjwa wa kisukari, shinikizo la damu, kifafa au pumu asitoke nyumbani bila hicho.

3. Omba kuona habari zako. Sheria ya mwaka wa 2019 inakupa haki ya kuambiwa habari zako zinatumiwaje, kuziona, na kutaka zisahihishwe zikiwa na makosa. Umri au dawa iliyoandikwa vibaya si jambo dogo.

4. Unapohama hospitali, omba muhtasari wa matibabu yako. Kituo kisichoweza kukupa muhtasari kwa sababu programu "haitoi" kina tatizo ambalo msimamizi anapaswa kulijua.

5. Kaunti inapoita wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti, uliza maswali matatu: Programu ya hospitali yetu ni mali ya nani? Mkataba ukiisha, rekodi zitatolewa kwa namna ambayo programu nyingine inaweza kuzisoma? Na nani hapa kwetu anajua kuirekebisha?

Ukiulizwa unatafuta nini katika mambo ya kompyuta, jibu kwamba ni mambo ya damu yako, presha yako na chanjo za watoto wako. Kisha ngojea jibu, na usiondoke hadi ulipate.